Taco za kwenye magari Los Angeles: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa msomaji wa Kiswahili aliyehamia Los Angeles, anayekuja kutembea, au aliyekaa hapa miaka akipita kando ya magari ya taco bila kuthubutu kusimama. Yanahusu magari ya mitaani, hasa ya upande wa mashariki wa jiji, Boyle Heights na East Los Angeles, ambako wapishi huwapikia kwanza majirani zao. Ukishika jambo moja tu, shika hili: kila gari lina chakula chake kimoja linachokijua kuliko vingine, na kazi yako ni kukitafuta hicho.

## Mambo ya mwanzo

Taco ya mtaani ni kitu gani hasa?

Ni tortilla ndogo ya mahindi iliyopashwa moto kwenye bamba la chuma, ikawekewa nyama, kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo, giligilani (wengine mnaita dania) na mchuzi wa pilipili. Ukubwa wake ni wa kiganja cha mkono. Mara nyingi hupewa tortilla mbili zilizolaliana, ili ya juu ikilowa na kuchanika, ya chini ishike mzigo.

Lile ganda gumu lililokunjwa, lenye nyama ya kusaga, letasi na jibini ya njano, ni chakula cha Kimarekani kilichozaliwa baadaye. Kwenye magari haya huenda usilione kabisa.

Tortilla ni unga wa ugali uliokaangwa?

Hapana, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu sisi tunakula mahindi karibu kila siku na jambo hili linatuhusu.

Mahindi mazima huchemshwa kwenye maji yenye chokaa ya chakula, yakaachwa yalale humo usiku kucha, yakaoshwa mpaka ngozi ikatoka, ndipo yakasagwa yakiwa bado na unyevu. Donge linalopatikana huitwa masa. Chokaa ndiyo inayolifanya lishikane bila kukatika, ndiyo inayoleta ile harufu nzuri, na ndiyo inayofungua vitamini B3 iliyofungwa ndani ya punje ili mwili uweze kuipata. Sembe na dona hazijapita njia hiyo, kwa hiyo ukijaribu kuzisukuma zitakumegukia mkononi.

Mahindi yalianza kulimwa Mexico, katika bonde la mto Balsas, yapata miaka 9,000 iliyopita. Wareno ndio wanaotajwa kuyaleta Afrika, lakini yalikuja bila ujuzi wa chokaa. Ndiyo maana katika nchi nyingi, Ulaya na Afrika, watu walioishi kwa mahindi matupu walipatwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Wenyeji wa Mexico walikuwa wamelimaliza tatizo hilo jikoni tangu zama za kale.

Kwa nini kwenye gari na si hotelini?

Los Angeles imelishwa barabarani tangu karne ya 19, wakati mikokoteni ya tamales (donge la masa lenye nyama ndani, lililopikwa kwa mvuke) ilipozunguka katikati ya mji usiku. Gari la taco la aina tunayoijua leo huhesabiwa kuanzia mwaka 1974, Raúl Martínez alipogeuza gari la zamani la kuuzia aiskrimu kuwa jiko na kuliegesha nje ya baa East Los Angeles. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya King Taco. Magari yenyewe wenyeji huyaita lonchera.

Haikuwa njia nyepesi. Mwaka 2008 Kaunti ya Los Angeles ilitaka gari lililoegeshwa sehemu moja zaidi ya saa moja lihesabiwe kosa la jinai, faini ikifika dola 1,000 au kifungo cha miezi 6. Wateja walisimama na wauzaji wao, wakavaa fulana zilizoandikwa kwamba carne asada (nyama ya ng'ombe ya kuchoma) si uhalifu, na mwaka huohuo jaji akaibatilisha sheria hiyo. Sioni kuwa ni jambo dogo watu kutetea chakula chao mpaka mahakamani.

Na yale magari yenye taco za Kikorea?

Hayo yalianza kuvuma mwishoni mwa 2008 na gari la Kogi la mpishi Roy Choi, lililotangaza kwenye Twitter mahali litakaposimama. Chakula kitamu, lakini ni mkondo mwingine, na ukurasa huu hauendi huko.

## Kuchagua gari

Gari zuri nitalitambuaje?

Soma ubavu wake kabla ya kusoma orodha ya vyakula. Wapishi wengi huandika wametoka jimbo gani la Mexico: Jalisco, Michoacán, Puebla, Sinaloa, au huandika estilo Tijuana, yaani mtindo wa mji wa Tijuana. Hilo si pambo. Mtu wa Michoacán ana carnitas mkononi, yaani nyama ya nguruwe iliyopikwa polepole ndani ya mafuta yake. Mtu wa Jalisco atakupa birria, nyama ya mbuzi iliyopikwa polepole na pilipili kavu. Mtu wa Sonora anajua nyama ya ng'ombe ya kuchoma na tortilla za ngano. Wa Sinaloa na Nayarit wametoka pwani, kwa hiyo uduvi, samaki na pweza. Kuagiza samaki kwa fundi wa carnitas ni kujinyima.

Baada ya hapo tazama watu. Foleni ya mafundi wa ujenzi, wauguzi waliotoka zamu na familia zenye bibi ndani yake inasema mengi kuliko nyota za mtandaoni. Pia sikiliza: ukisikia mikono ikipiga masa kwa viganja, tortilla zinatengenezwa palepale, na hapo usiondoke.

Ile herufi dirishani ina maana gani?

Ni alama ya ukaguzi wa afya wa kaunti. A ni pointi 90 hadi 100, B ni 80 hadi 89, C ni 70 hadi 79. Mikahawa ilianza kuwekewa herufi hizo 1998, na magari ya chakula yakafuata 2011. Magari hutakiwa pia kurudi kwenye kituo maalumu cha kuoshwa na kujazwa maji. Herufi inazungumzia usafi tu. Haikuambii kama pilipili imekolea.

Nifike saa ngapi?

Inategemea chakula. Barbacoa, nyama ya mbuzi au kondoo iliyopikwa usiku kucha, ni ya asubuhi ya Jumamosi na Jumapili, na ikifika saa sita mchana mara nyingi imeisha. Vyakula vya baharini ni vya mchana. Magari mengi ya aina hiyo hufunga kabla ya magharibi. Al pastor, nguruwe wa kuzungushwa mbele ya moto, ni ya usiku: moto unakuwa umekomaa kuanzia saa mbili, na saa nne hadi saa sita usiku ndipo utamu wake, hasa Ijumaa na Jumamosi.

Nianzie wapi kama sijawahi kabisa?

Mahali pawili, siku mbili tofauti. Mchana nenda Mariscos Jalisco, kwenye barabara ya Olympic, Boyle Heights, uombe tacos dorados de camarón: uduvi ndani ya tortilla iliyokunjwa na kukaangwa mpaka ikakauka, juu yake mchuzi wa nyanya na vipande vya parachichi. Usiku nenda Leo's, kwenye kona ya La Brea na Venice, uone al pastor inavyokatwa. Ukitoka hapo utakuwa umeonja ncha mbili za jambo hili, na utajua mwenyewe moyo umeegemea wapi.

## Nyama na majina yake

Al pastor ni nini, na mbona inafanana na shawarma?

Kwa sababu ni mjukuu wa shawarma. Wahamiaji kutoka Lebanoni na nchi jirani, wakati ule zikiwa chini ya dola ya Othmaniya, walifika Mexico mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mjini Puebla, katika miaka ya 1930, walikuwa wakiuza nyama iliyopangwa kwenye mti wa chuma uliosimama na kuzungushwa mbele ya moto, ndani ya mkate wa kwao. Mpaka leo Puebla inauza taco árabe. Baadaye Wamexico wakaifanya yao kabisa: nguruwe badala ya kondoo, tortilla ya mahindi badala ya mkate, na viungo vya pilipili kavu na achiote, zile mbegu nyekundu ambazo Zanzibar tunaziita mzingefuri.

Chuma hicho na nyama yake huitwa trompo, na juu kabisa hukaa nanasi. Mkataji huchuna vipande vyembamba vilivyoungua kingo, kisha kwa ncha ya kisu hukirusha kipande cha nanasi hewani na kukidaka kwenye taco. Ustadi huo ni wa kuutazama, lakini ladha inatoka kwenye zile kingo. Gari likiwa limeandika al pastor na huoni trompo popote, nyama inakaangwa kwenye bamba tu. Inalika, ila usiihukumu al pastor kwa hiyo.

Hayo majina mengine kwenye ubao?

Asada ni ng'ombe wa kuchoma, na akichomwa kwa mkaa halisi moshi wake utauona kabla ya gari. Lengua ni ulimi, cachete ni mashavu, cabeza ni nyama ya kichwa, tripas ni utumbo mwembamba, na buche ni tumbo la nguruwe. Suadero ni nyama nyembamba iliyo kati ya tumbo na paja la ng'ombe, laini kweli. Pollo ni kuku. Sijawahi kuelewa mtu anayevuka jiji zima kwa ajili ya kuku.

Mtu aliyelelewa kwa supu ya makongoro na utumbo wa kukaanga hana sababu ya kuogopa safu hiyo. Anza na ulimi. Unapikwa mpaka unakatika kwa kijiko, na ndio unaowashawishi wengi. Tripas omba doraditas, yaani zikaukie moto. Zikiwa laini zinahitaji mtu aliyezoea.

Birria na ule mchuzi wa kikombe?

Kwa asili birria ni ya Jalisco: mbuzi aliyepikwa polepole na pilipili kavu na viungo. Tijuana walimweka ng'ombe, na kutoka huko ikaja quesabirria, tortilla iliyochovywa kwenye mafuta mekundu ya mchuzi, ikakaangwa na jibini inayonyumbulika. Kikombe cha mchuzi huitwa consomé. Chovya, kisha kunywa uliobaki. Ukipata gari linalouza birria de chivo, yaani ya mbuzi, usilipite.

## Imani na miiko ya chakula

Mimi ni Mwislamu. Nile nini?

Swali hili linakuja kuliko yote, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Kwanza yajue yaliyo ya nguruwe moja kwa moja: al pastor, carnitas, buche, cueritos na chicharrón (ngozi ya nguruwe), na kwa kawaida chorizo (soseji). Pili, yajue yaliyojificha. Maharage ya kupondwa mara nyingi hupikwa kwa manteca, mafuta ya nguruwe. Tortilla za ngano na tamales vilevile. Suadero ni ng'ombe, lakini kwa desturi hupikwa sufuria moja na soseji za nguruwe. Tripas zinaweza kuwa za mnyama yeyote kati ya hao wawili. Tatu, bamba ni moja: kisu kilichogusa al pastor ndicho kitakachokata asada yako.

Hata ng'ombe na kuku wa kwenye magari ya kawaida hawajachinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Kila mtu anajua msimamo wake na mwanachuoni anayemfuata; mimi nakupa hali ilivyo jikoni.

Njia zilizo wazi zaidi ni mbili. Ya kwanza ni magari ya vyakula vya baharini, ambayo mengi hayauzi nguruwe kabisa. Hata hivyo uliza mafuta ya kukaangia: «¿Usan manteca?» Ya pili ni magari ya halali, na yapo. Mwaka 2017, katika Ramadhani, ilianzishwa kampeni ya Taco Trucks at Every Mosque katika Kaunti ya Orange, kusini mwa Los Angeles, ikipeleka taco za halali misikitini na kuwaalika majirani Walatino wafuturu pamoja na Waislamu. Jina lilijibu onyo la uchaguzi wa 2016 kwamba pasipo udhibiti kutakuwa na gari la taco kila kona. Waliligeuza onyo likawa mwaliko, na huo ni uungwana ninaoupenda. Uliza kwenye msikiti ulio karibu nawe. Watu wa hapo huyajua magari hayo vizuri.

Sili nyama. Kuna kitu changu?

Kipo, kichache. Tafuta nopales (majani ya dungusi kakati yaliyochomwa), rajas (pilipili kubwa na jibini), hongos (uyoga), au quesadilla ya flor de calabaza, maua ya maboga, kwa wapishi wa Oaxaca na Puebla. Kuhusu maharage, tazama jibu lililotangulia. Mikokoteni ya mahindi na matunda itakufaa zaidi: hindi la kuchoma au kuchemsha lenye ndimu na pilipili (sema bila mayonezi ukitaka), na embe lililonyunyiziwa chumvi na pilipili, ambalo mtoto yeyote wa Tanga au Mombasa aliyekula embe bichi nje ya shule atalitambua kwa ulimi.

Nina mzio wa karanga au ngano.

Uliza kuhusu salsa macha, ile ya mafuta yenye rangi nyekundu nzito: ina karanga mara nyingi. Mole, mchuzi mzito wa pilipili na viungo, nayo huwa na karanga, lozi au ufuta. Taco ya mahindi haina ngano, lakini tortilla za ngano hupashwa kwenye bamba hilohilo. Mwenye mzio mkali asibahatishe kwenye jiko dogo kama hili.

## Dirishani

Naagizaje kama sijui Kihispania?

Salamu kwanza. Hili tunalijua nyumbani na linafanya kazi hapa vilevile: «Buenas tardes» mchana, «buenas noches» usiku. Mama mtu mzima ni señora. Kisha taja idadi na nyama: «Me da dos de asada y uno de lengua, por favor.» Utaulizwa «¿con todo?», maana yake uwekewe kitunguu na giligilani; jibu sí. Wauzaji wengi wanaelewa Kiingereza, lakini maneno hayo machache ni adabu.

Agiza taco mbili au tatu, ule, kisha urudi kuagiza nyingine. Taco haisubiri, baada ya dakika chache tortilla imepoteza nguvu. Ndiyo maana kubeba kwenda nayo nyumbani mwendo wa nusu saa ni hasara.

Bei ni kiasi gani na ninalipaje?

Taco ya kawaida huwa kati ya dola 2 na 4, za baharini zaidi kidogo. Beba fedha taslimu, noti ndogo ndogo. Sehemu nyingine hulipi mpaka umalize kula: mpishi anakuamini utaje mwenyewe ulichokula. Usimwangushe. Kopo la bakshishi lipo dirishani.

Zile salsa zote, niweke ipi?

Usiamini rangi. Kijani huweza kuwa ya tomatillo (tunda la kijani linalofanana na nyanya), chachu na laini, au ya pilipili ya jalapeño iliyosagwa na mafuta, ambayo inaonekana kama parachichi na inawaka. Ya rangi ya chungwa aghalabu ni ya pilipili kali za chile de árbol au habanero, na hiyo ndiyo ya kuheshimu. Sisi tuliozoea pilipili mbuzi tutaimudu, lakini tone moja kwanza pembeni mwa sahani. Figili, matango, ndimu na vitunguu vilivyochomwa huwa ni bure. Chukua kiasi cha kula.

Nakunywa nini?

Agua de tamarindo ni ukwaju wetu. Jamaica ni ile juisi nyekundu ya rozela. Horchata ni maji ya mchele na mdalasini, nzuri kwa kuzima pilipili.

## Hali za pembeni

Naweza kupiga picha?

Chakula, ndiyo. Nyuso na namba za magari, omba ruhusa, na ukikataliwa acha bila kuuliza sababu. Wauzaji wengi ni wahamiaji, na baada ya misako ya idara ya uhamiaji iliyoanza Juni 2025, baadhi yao walifunga au kuhama kona walizozikalia kwa miaka. Picha yako yenye mahali na saa inaweza kumdhuru mtu aliyekulisha. Kwa sababu hiyohiyo, ukikuta gari halipo, usishangae. Pita tena wiki nyingine.

Wauzaji wa kwenye meza kando ya njia, bila gari, ni halali kisheria?

Sheria ya jimbo la California iliyosainiwa 2018 na kuanza kutumika 1 Januari 2019 iliondoa adhabu za jinai kwa uchuuzi wa kando ya njia. Vibali vya afya bado vinatakiwa, na kuvipata ni gharama kwa mtu mwenye meza na jiko moja. Baadhi ya al pastor bora za jiji hili zinauzwa kwenye meza hizo. Tumia macho: nyama ya moto, mikono safi, anayepokea pesa si anayeshika chakula.

Naweza kupika nyumbani, hata nikiwa Dar au Nairobi?

Unaweza. Chemsha mahindi meupe makavu kwa chokaa ya chakula, takriban gramu 10 kwa kila kilo moja ya mahindi, mpaka ngozi ianze kuteleza. Yaache usiku kucha, yaoshe vizuri, usage yakiwa na unyevu. Chokaa iwe ya chakula, kamwe si ya kupaka ukuta. Kwa aliyeko Marekani, unga wa masa harina upo dukani na unahitaji maji na chumvi tu.

Nina harusi au shughuli. Wanakuja?

Wanakuja, na huduma hiyo huitwa taquiza. Zungumza na mwenye gari mapema, si saa ya foleni. Mtaje idadi ya wageni, aina za nyama na saa ngapi atakaa. Ukiwa na wageni Waislamu, tafuta gari la halali tangu mwanzo kwa sababu zilizoelezwa kwenye jibu la Mwislamu hapo juu. Kumwomba mpishi wa kawaida atenge bamba kwa usiku mmoja hakutoshi. Uliza pia kama mtaa unaruhusu gari kuegeshwa, au liingie uani.